Mpika Dengu Aliyefungua Sanda

Kijijini kwetu kando ya ziwa, aliyetaka dengu zilizoiva zikalegea bila kuwa uji alikwenda kwa Tamista. Alizipika na vitunguu na jira, akaziuza mlangoni pake kwa bakuli, na aliyeleta bakuli chafu alirudishwa nalo nyumbani. Alikuwa mjane mfupi, mwepesi wa ulimi, mwenye mwana mmoja tu jina lake Panefero. Mwana huyo, wakati wa habari hizi, alikuwa amekwisha kufa na alikuwa amesimama sebuleni.

Amesimama kweli, wala sitanii. Wafu wetu tulikaa nao. Maiti ilipelekwa kwa wakaushaji ng'ambo ya mfereji, ikarudi imekauka, imefungwa vitambaa vya kitani toka utosini hadi nyayoni, ikatiwa ndani ya kabati la mti na kusimamishwa ukutani. Mgeni akiingia alimsalimu mwenye nyumba kwanza, halafu kabati. Siku za sikukuu milango yake ilifunguliwa, marehemu akapata harufu ya chakula nasi tukapata chakula chenyewe. Nani angeona ajabu? Hata mtoto mdogo alijua kwamba babu haguswi kwa mikono yenye mafuta.

Panefero alikufa mwaka wa tauni, ndevu zake zikiwa ndiyo kwanza zinaota. Mwaka ule watu walikimbia nyumba zao wenyewe, mume akamwacha mke sakafuni. Waliobaki na kuingia kwa wagonjwa na mitungi ya maji walikuwa Nilamoni, mkamua mafuta, na wale wafuasi wenzake wa Kristo. Walimpa Panefero maji mpaka aliposhindwa kuyameza. Tamista hakulisahau jambo hilo. Mwili aliukabidhi kwa wakaushaji kwa mikono yake, pamoja na ubao mdogo uliokuwa na picha ya mwanawe, aliyochorwa angali hai na mchoraji mpita njia aliyependa dengu. Wakaushaji walikuwa na kazi iliyowashinda, maiti zimelala ukumbini hadi nje ya mlango. Baada ya muda wake walimrudishia mzigo umefungwa vizuri, na mahali pa uso pamefungwa ubao ule. Macho yalikuwa yake, ila mchoraji aliyafanya makubwa kidogo, kama ya mtu aliyeitwa ghafla.

Basi Tamista akawa anahudhuria kwa Nilamoni, kwenye chumba cha kukamulia mafuta, siku ya Bwana. Jirani yake Taisi, rafiki wa tangu usichana, hakupendezwa.

"Shoga, hawa watu watakuponza," alisema. "Wanasema mungu wetu ni mamba tu."

"Kwani si mamba?"

"Ni mamba, ndiyo. Lakini mamba humwambii hivyo umesimama majini."

Kilichomvuta Tamista kilikuwa kimoja. Nilamoni alisoma maandiko kwa Kiyunani, akayageuza papo hapo katika lugha yetu, vidole vyake vikiacha alama za mafuta pembezoni, na alipofika mahali pa kufufuka alisoma taratibu. Miili itasimama. Hii hii, yenye magoti na meno. Nilamoni hakuwa mtu wa mafumbo. Kitabu kikisema mkate, kwake ni mkate. Kikisema Bwana atatawala hapa hapa duniani, alianza kuwaza mizabibu itapandwa upande gani wa mfereji. Tamista alirudi nyumbani siku ya kwanza, akafungua kabati, akamwambia mwanawe habari hiyo kama anavyomwambia mtu bei ya vitunguu. Alikuwa na furaha, mimi sioni haya kuisema. Kwa mara ya kwanza tangu tauni alilala bila kulia.

Sauti ilianza wakati wa joto kali, baada ya mavuno. Adhuhuri ya msimu huo kijiji chote hulala. Punda hawalii, mbwa wanajificha chini ya mitungi, na upepo wa jangwani unanyamaza kabisa. Tamista hakuwa na desturi ya kulala mchana. Alikuwa ameketi sebuleni akichagua mawe kwenye dengu za kesho, ndipo aliposikia kitu ndani ya kabati. Kwaru. Kikanyamaza. Kwaru, kwaru. Kilikuwa kidogo, kikavu, cha mtu anayekuna kitambaa kwa ukucha mmoja.

Panya, alijiambia. Akafungua milango kwa ufagio mkononi. Hapakuwa na panya, wala kinyesi chake, wala tundu. Vitambaa vilikuwa vizima, na macho ya ubaoni yalimtazama kama siku zote. Alifunga, akakaa, akaanza tena kuchagua mawe. Kwaru.

Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Asubuhi hakuna kitu, jioni hakuna kitu. Adhuhuri tu, kila sauti nyingine ilipokwisha. Akamwita Taisi bila kumwambia sababu, akamwekea bakuli la dengu lililojaa.

"Mbona leo umekuwa mkarimu?" Taisi akauliza. "Unataka kuniazima nini?"

"Kula tu. Halafu weka sikio lako hapo kabatini."

Taisi alicheka, akaweka sikio. Kicheko kilikoma. Alikaa hivyo kwa kitambo, kijiko kikiwa bado mkononi, kisha akajiondoa polepole kama anayejitoa kwa mbwa aliyelala.

"Sisikii kitu," alisema.

Aliondoka, dengu akaziacha nusu, na tangu siku ile hakukanyaga nyumba hiyo adhuhuri.

Majuma machache baadaye akaja mgeni kutoka Aleksandria, mwalimu Eudemoni, mtu mpole mwenye kikohozi, aliyetumwa na wakubwa wa kanisa. Habari zilikuwa zimewafikia kwamba Wakristo wa ziwani wanayasoma maandiko kama wanavyosoma hati ya shamba, neno kwa neno. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyu alikuja kututibu ugonjwa tusioujua. Kwa siku kadhaa walijadiliana kwenye chumba cha mafuta, Eudemoni upande huu, Nilamoni upande ule, nasi katikati tukigeuza shingo. Sikumbuki kama niliwahi kuona watu wakibishana kwa adabu kiasi kile. Kila mmoja akimaliza alimpa mwenzake maji.

Siku moja walifikia habari ya yule mtu wa Bethania aliyelala kaburini hata akaanza kunuka, Bwana akamwita, naye akatoka amefungwa sanda mikono na miguu, uso umefunikwa. Eudemoni alieleza vizuri sana. Kaburi ni moyo uliozoea giza, alisema. Vitambaa ni mazoea ya dhambi. Mtu anaweza kuisikia sauti ya Bwana akasimama, na bado akawa amefungwa na mambo yake ya kale.

"Na mimi nasema kaburi ni kaburi," akajibu Nilamoni. "Pango, na jiwe mlangoni."

"Linaweza kuwa pango, mzee wangu, na bado likasema zaidi ya pango."

Hapo Tamista akasimama. Wanawake walikaa nyuma, karibu na jiwe la kukamulia, na hawakuwa na tabia ya kusimama.

"Baba Nilamoni, samahani. Yule mtu alitembeaje na miguu imefungwa?"

"Kwa uweza wa Bwana, mama."

"Haya. Bwana amemtoa kwenye mauti, amemtembeza amefungwa. Sasa mbona hapo mwisho anawaambia waliosimama karibu wamfungue? Vifundo vilimshinda?"

Watu wakacheka. Eudemoni akatabasamu, akasema, "Mama, maneno ya kitabu yana ngozi, na ndani yana nyama. Usiishie kwenye ngozi."

"Mwalimu, na mwanangu ana ngozi, na ndani ana nyama. Ndiyo maana nauliza."

Wakacheka tena, na Nilamoni, ambaye alikuwa amechoka na alikuwa anaona njaa, akasema neno alilolijutia hata anazeeka: "Vifundo havikumshinda, mama Panefero. Aliwaachia watu kazi yao."

Kila mtu aliona ni jibu zuri la kumalizia kikao. Tamista peke yake hakucheka. Alikwenda nyumbani akilirudia jibu lile njiani.

Kuuliza si ujinga, lakini jibu la mzaha mikononi mwa mwenye uchungu ni kisu. Hebu mfikirie. Kama kumfufua ni kazi ya Bwana na kumfungua ni kazi ya watu, basi mwanawe angeamka amefungwa. Angeamka ndani ya kabati, gizani, kitani mdomoni, ubao usoni, mikono imebanwa mapajani. Na yeye mama mtu huenda siku hiyo yuko mferejini anachota maji, au sokoni anagombania vitunguu. Angekuna kwa ukucha, polepole, akisubiri mtu wa kuifanya kazi yake. Na nani alisema kwamba hajaanza kuamka?

Ilikuwa siku ya Bwana, adhuhuri, jua limesimama wima. Alifunga mlango. Alimtoa mwanawe kabatini kwa kumkumbatia, akashangaa alivyokuwa mwepesi, akamlaza juu ya mkeka. Alichukua kisu cha vitunguu, kisha akakirudisha, maana aliogopa kumkata. Alichemsha maji ili kulainisha utomvu uliogandisha vitambaa. Kwanza alifungua ubao wa uso na kuuweka kitini. Baada ya kitambo aliugeuza ukutani.

Alianza na miguu, ili mtoto akiamka katikati ya kazi aweze kusimama. Vitambaa vilitoka vigumu, vyenye harufu ya lami na tende zilizochacha. Alikuwa akimsemesha muda wote. "Tulia. Ulikuwa hivi hivi nikikuvua kanzu, unajikunja kama mkia wa nge. Tulia, namaliza." Nyayo zilipoonekana alizikuta ni ndogo, nyembamba. Kifo kinasinyaza watu, alijiambia. Magoti yalikuwa yamevimba mifupa kama ya mzee. Tauni hiyo, alijiambia, ilimla viungo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi huyo huyo ndiye hodari wa kujidanganya.

Kisha mikono. Wa kushoto ulikuwa umelala vizuri ubavuni. Wa kulia haukulala. Ulikuwa umepindwa ndani ya sanda, vidole vimeinuka, na kucha za vidole hivyo zilikuwa zimelika hadi nyamani. Chini ya kucha, zimenasa kama uchafu wa mtu aliyepalilia bustani, zilikuwemo nyuzi za kitani.

Tamista alikaa kitako. Hakulia. Aliushika mkono ule na kuutazama, akasema kwa sauti ya chini, "Nimechelewa, baba. Nisamehe, nimechelewa." Akaharakisha kichwa. Alivuta kitambaa baada ya kitambaa, sasa bila uangalifu, mpaka kile cha mwisho kikaachia, na kikateremka juu ya mkeka msuko mrefu wa nywele nyeupe.

Mdomo haukuwa na jino hata moja. Alikuwa ni bibi kizee asiyemjua.

Miaka yote ile alikuwa amemsalimu huyu. Alimwambia bei za vitunguu. Alilia mbele yake, akamwimbia, akamwombea kwa mungu wa mamba, kisha akamwombea kwa Kristo. Wakaushaji, katika haraka yao ya mwaka wa tauni, walikuwa wamechukua maiti iliyokuwa karibu na ubao uliokuwa karibu, wakafunga.

Taisi ndiye aliyemkuta. Ukimya wa nyumba ile ulimshinda, naye jirani mwema ni yule anayeshindwa na ukimya, akavunja mwiko wake wa adhuhuri na kusukuma mlango. Aliona, akashika mdomo, akaenda mbio kwa Nilamoni. Nilamoni alikuja na Eudemoni, wote wawili wakiwa na makombo ya chakula ndevuni.

Kumfungua marehemu ni jambo ambalo kwetu mtu aliweza kupigwa mawe kwa ajili yake. Nilamoni aliufunga mlango kwa mgongo wake.

"Mama Panefero, umefanya nini?"

"Kazi uliyosema."

Nilamoni alikumbuka jibu lake la mzaha. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Mwalimu Eudemoni alikuwa amepiga magoti karibu na ule mkono wa kulia. Alizitazama zile kucha kwa muda, akajifuta midomo, akatazama pembeni. Hakusema neno juu ya moyo wala mazoea.

"Si mwanao," hatimaye Nilamoni akasema kwa upole. "Basi acha, mama. Mfunike. Tutamtafutia mahali. Kiuno na kifua bado vimefungwa, usiendelee. Inatosha."

"Inatosha kwa nani?"

"Hujui hata ni nani huyu."

"Simjui, naam." Tamista alivuta beseni la maji karibu. "Na mwanangu yuko wapi, baba? Yuko kwa mtu. Amesimama sebuleni kwa mtu, ana uso wa mtu mwingine, wanamwita shangazi. Siku akianza kukuna, nataka mtu huyo afanyeje? Amfungue nusu, aone si wake, amfunike?"

Akaendelea na kazi, akimsemesha yule bibi jinsi alivyomsemesha mwanawe, ila sasa kwa heshima. "Shikamoo, mama. Niwie radhi, maji yamepoa. Inua mkono kidogo. Umekaa sana, najua." Alitoa kila kitambaa, hata kilichogandamana na utomvu, akaukunjua mkono wa kulia na kuunyoosha. Taisi alisimama ukutani mpaka mwisho. Ndiye aliyemchana yule bibi nywele.

Jioni ile ile walimzika kwenye udongo, nyuma ya mashamba ya ngano, bila kabati, bila sanda ya kubana, amefunikwa shuka tu, mikono yake huru. Eudemoni alichimba hadi viganja vikachubuka. Aliondoka baadaye kurudi Aleksandria, na mjadala ule ukaendelea bila yeye, na unaendelea hata leo, watu wakisema ngozi, wengine wakisema nyama.

Tamista alivuka mfereji kwenda kwa wakaushaji. Alikuta mlango umezibwa na mchanga. Wenyewe walikuwa wamekufa tauni ile ile, mmoja baada ya mwingine, na waliowakausha hao nao hawakujulikana. Kazi yao ya mwaka ule ilikuwa imetawanyika katika vijiji vyote vya ziwani, sebuleni mwa watu, kila mmoja na uso wake wa ubao. Aliporudi sauti haikuwepo tena nyumbani mwake. Adhuhuri ilikuwa kimya kabisa, na kimya hicho kilimtesa kuliko sauti, maana alijua kwamba mahali fulani, ambapo hayupo, pengine kuna mtu anakuna.

Hivyo ndivyo mpika dengu alivyokuwa mhubiri. Hakuna aliyemtuma. Alibeba chungu chake kichwani, akaenda kijiji kwa kijiji kuzunguka ziwa, akipika mlangoni pa yeyote aliyemruhusu, na wanawake wakija na bakuli zao aliwaambia habari yake moja: Bwana atawaita, nao watasikia, hiyo ni kazi yake. Ya kwetu ni kuwafungua na kuwalaza kwenye udongo, mikono huru. Kusoma hakujua. Aliulizwa mara nyingi kama yuko upande wa Nilamoni au upande wa Aleksandria, akawa anajibu kwamba kama moyo nao una vifundo basi ufunguliwe pia, mikono iko miwili.

Sehemu nyingine walimfungulia mbwa. Makuhani wa mamba walimchapa hadharani kwa kuwasumbua wafu, na baadhi ya Wakristo wenyewe walimkana, wakisema analiaibisha jina la Kristo kwa mambo ya mizoga. La kuvunda halina ubani, mmoja alimwambia. Alijibu kwamba hakuja na ubani, amekuja na maji ya moto. Lakini palikuwa kila kijiji na mwanamke mmoja, wakati mwingine mwanamume, aliyesubiri wengine waondoke, akamvuta pembeni na kumuuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli, maana kwao pia, adhuhuri, kuna kitu. Kwa watu hao ndiko makanisa mengi ya ziwani yalikoanzia, ingawa wazee wa makanisa hayo hawapendi kulikumbuka jambo hilo.

Alifanya kazi hiyo mpaka magoti yakamkataa. Wenye nyumba walikaa mlangoni, wakigeuza macho. Yeye alianza na miguu, akapanda taratibu, akimsemesha marehemu, akimwamkia kwa jina walilomwambia: shangazi fulani, babu fulani, dada wa mtu. Hakuwahi kuitazama picha ya ubaoni. Kila mara, alipofika kitambaa cha mwisho cha uso, kabla hajakivuta, aliinama karibu kabisa ili wenye nyumba wasisikie, akasema, "Panefero, ni mama." Kisha alingoja kidogo, muda ule mtu anaouhitaji kuvuta pumzi ili aitike.